Mhariri, kwenye vali ya paa mimi niko upande wa wazi

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Bugembe, Jinja. Gazeti lenu nalisoma kwa kinyozi, wateja wakishalimaliza ndo linanifikia, kwa hiyo kama barua hii imechelewa mnisamehe, na pia naandika kwa simu na vidole vyangu vimezoea nyundo kuliko hizi herufi ndogo ndogo. Mimi ni fundi wa mapaa. Nilianza na mabati, nikaingia mategula, vile vigae vya udongo, na sasa watu wenye uwezo kidogo wamependa shingeli, zile za lami zenye changarawe juu. Vijana wangu saiti wanaziita "shingo", ati "mzee tupandishie shingo bando mbili", nimewasahihisha mpaka nimechoka nikaacha.

Juzi kuna msomaji aliandika hapo kwenu akilalamika nyumba mpya zinavuja kwa sababu vifaa vya siku hizi ni feki. Feki zipo bana, zimejaa, sibishi. Lakini mimi nikiitwa kuziba paa la shingeli, mara nyingi naikuta shingeli yenyewe ni nzima kabisa, katikati ya paa hakuna tone, na maji yameingilia kwenye vali. Na nikiuliza nani aliamua vali ijengwe hivi, jibu ni hilo hilo, "tuliona picha kwenye simu". Ndo nikasema leo ngoja niandike.

Kwa asiyejua, vali ni ile kona ya ndani paa mbili zinapokutana, kama kiwiko cha mkono ukiukunja, maji ya huku na maji ya kule yote yanateremka yakutane hapo. Nyumba ya bibi yangu kule kijijini ilikuwa na mabati pande mbili basi, haikuwa na vali hata moja na haikuvuja mpaka mabati yalipoliwa na kutu yenyewe kwa uzee. Sasa hivi mtu akijenga vyumba vitatu anataka paa lenye kona saba kama kofia ya askofu, na kila kona ya ndani hapo ni vali.

Hebu piga hesabu na mimi. Mvua ya milimita moja ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Tuseme upande mmoja wa paa unaomwagia kwenye vali ni mita za mraba 20 na upande wa pili hivo hivo 20. Mvua yetu hii inayotoka ziwani kwa hasira, chukua milimita 50 kwa saa, hapo umepata lita 2,000. Ni jerikeni 100! Jerikeni 100 ndani ya saa moja zinapita kwenye njia isiyozidi shubiri moja kwa upana. Jirani yako anachotesha maji kwa boda analipia jerikeni moja moja, wewe Mungu anakumwagia mia kwenye kona moja na fundi wako ameweka hapo silikoni.

Halafu kuna jambo ambalo hata mafundi wengi hawalijui, mteremko wa vali si mteremko wa paa. Vali inateremka kwa mshazari, njia yake ni ndefu zaidi kushuka kimo kile kile, kwa hiyo inalala. Paa la digrii 30 pande zote mbili, vali yake ni digrii 22 tu na kidogo. Paa la digrii 18, vali inabaki 13. Kwa hiyo maji mengi kuliko kote unayapitisha mahali palipolala kuliko kote. Ukishalielewa hilo hutachezea vali tena.

Sasa ziko namna mbili kubwa za kuijenga. Ya kwanza ni vali ya wazi, unalaza bati refu kwenye ile kona, shingeli za pande zote mbili unazikata zisifike katikati, bati linabaki linaonekana kama mfereji toka juu mpaka kwenye gata. Ya pili ni vali ya kufunga, hapo huweki bati, shingeli za upande mmoja zinavuka kona zinapanda upande wa pili, kisha shingeli za upande wa pili zinakuja juu yake na kukatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, ukiangalia kutoka chini unaona paa limekunjwa tu kama karatasi. Ni nzuri, siwezi kudanganya, inapendeza macho. Kuna na ya tatu ya kusuka, shingeli ya huku juu ya ile ya kule zamu kwa zamu kama ukili wa mkeka, lakini hiyo ni ya zile shingeli nyembamba za zamani, hizi nene za matabaka ukizisuka zinabinuka na kuacha mapengo, mtu akikuambia atakusukia hizo nene mlipe nauli arudi kwao.

Nije kwenye kisa kilichonifanya niandike. Mwezi wa nne niliitwa na mama mmoja, mwalimu mstaafu, upande wa Mpumudde. Nyumba imeezekwa shingeli na mkandarasi fulani, simtaji, hata miaka minne haijafika, na inavuja kwenye kona ya sebule juu ya kabati la vyombo. Haivuji kila mvua, hapo ndo ilipowachanganya watu, mvua ya rasharasha hakuna kitu, mvua ya dakika kumi hata iwe kali vipi hakuna kitu, lakini ikipita nusu saa na upepo wa ziwa ukiwemo basi tone la kwanza, la pili, mama anatoa sahani. Mafundi watatu walikuwa wameshapita kabla yangu. Nilijua ni watatu hata kabla hajaniambia, maana vali ilikuwa na silikoni ya rangi tatu, nyeupe, nyeusi na ya kijivu, kila fundi na rangi yake. Mama ananiambia, "mwanangu, hii nayo ikishindikana naezeka nyasi". Nikamwambia mwalimu, tulia kwanza, nipe kesho asubuhi.

Nilitaka asubuhi kwa sababu shingeli za lami unazibandua alfajiri zikiwa baridi, ile gundi yake inaachia bila kuchanika, jua likishapanda lami inalainika na ukivuta inakuja na nyama yake. Nikapanda saa moja na nusu na kijana wangu mmoja. Kitu cha kwanza, majani ya mwembe. Kuna mwembe mkubwa kwa jirani unaegemea upande ule, na majani yalikuwa yamejikusanya karibu theluthi ya vali kutoka chini, yameshikana na changarawe za shingeli, juu yake vijiti vya kaloli, wale korongo wakubwa, maana wale ndege wanajenga kwenye mti huo huo na hawajui adabu, na kulikuwa na mfupa mmoja hapo, wa mbuzi naona. Ile takataka imekuwa bwawa kabisa. Mvua fupi maji yanajipenyeza yanapita, mvua ndefu bwawa linajaa, maji yanapanda kwa pembeni yanatafuta mlango. Ndo ile nusu saa ya mama.

Lakini majani peke yake hayavujishi paa, lazima mlango uwepo. Tukabandua. Misumari kumi na mmoja nilihesabu ndani ya vidole vinne kutoka katikati ya vali, kwenye urefu wa kama mita nne. Kumi na mmoja! Sheria ya vali ni kwamba msumari usikaribie mstari wa katikati chini ya sentimita 15, hiyo kila fundi wa shingeli anaambiwa siku ya kwanza, na imeandikwa hata kwenye karatasi la bando lenyewe. Mitatu ilikuwa na mkia mwekundu wa kutu kwenye mbao. Felti, ile karatasi nene ya lami inayolala chini ya shingeli, waliikata pande mbili zikutane hapo hapo katikati, yaani mahali pekee palipohitaji felti nzima ndipo walipoweka maungio. Plaiwudi ilikuwa nyeusi, nikaibonyeza kwa kidole gumba kikazama kama kwenye mkate uliochovywa chai.

Na kosa lililoniuma zaidi lilikuwa la mpangilio. Nyumba ile ina upande mkubwa wenye mteremko mkali na upande mdogo wa varanda uliolala. Kwenye vali ya kufunga unatakiwa uanze na upande mdogo, au ule uliolala, shingeli zake ndo zivuke kona, halafu upande mkubwa uje juu na ndo ukatwe. Wao waligeuza. Maji yanayoshuka mbio kutoka upande mkubwa yanavuka kona kwa kasi yake na yanakuta midomo ya shingeli za varanda imekatwa na inayatazama. Mgeni akija mbio na mlango uko wazi ataingia tu ssebo, utamlaumu?

Sasa mtu atasema, mzee, hayo ni makosa ya fundi si makosa ya vali ya kufunga. Kweli. Nami sijasema vali ya kufunga ni haramu, nimezijenga mwenyewe na ziko zimesimama. Ukitaka kuijenga sawa, unalaza kwanza felti nzima yenye upana wa sentimita 90 katikati ya kona bila kuiunga, unaikandamiza iingie vizuri isibaki imeinuka kama daraja maana ikibaki na hewa chini mtu akikanyaga inapasuka. Shingeli za upande wa kwanza zivuke angalau sentimita 30 kwenda ng'ambo. Za upande wa pili unazikata kwa uzi wa chaki, sentimita tano kabla ya kufika katikati, na kila shingeli iliyokatwa ile ncha yake ya juu unaikata kidogo kwa mshazari. Hiyo ncha watu wanaidharau. Usipoikata, maji yanayoteremka yanaishika ile ncha na kufuata mgongo wa shingeli kwenda pembeni, kidogo kidogo, yanatembea mpaka yapate msumari, na mama sebuleni anaona tone limetokea mita moja mbali na vali na fundi anaziba mahali ambapo hapana kosa lolote. Halafu kingo ile iliyokatwa unailaza kwenye gundi ya lami, utepe mwembamba tu, si ule ujazo wa kupaka kama siagi.

Umeona yalivyo mengi? Na yote hayo yakishafunikwa hakuna anayeyaona tena, na hapo ndipo mimi naanza kuchagua wazi. Vali ya kufunga ukiikosea kosa lako linafunikwa siku hiyo hiyo, mwenye nyumba anapiga picha, analipa, kila mtu anaenda nyumbani, na kosa linatokea miaka mitatu baadaye kwenye silingi. Vali ya wazi ukiikosea, hata mimi nikiwa barabarani juu ya boda nikiinua kichwa naona bati limepinda, naona maungio yamekaa vibaya, naona majani. Mwenye nyumba mwenyewe akisimama uani anaona. Inasafishika, unasukuma ufagio laini kutoka juu mpaka chini mara moja, bati ni laini majani yanateleza, wakati zile changarawe za shingeli zinashika majani kama nywele zinavyoshika pamba.

Hata hivyo na hiyo ya wazi si kulaza bati tu ukaenda zako. Bati lenyewe liwe na upana usiopungua sentimita 60, yaani 30 zipande kila upande, na katikati likunjwe mgongo mdogo uliosimama, kimo kama sentimita mbili na nusu. Huo mgongo niliujua kwa aibu. Zamani nikiwa bado najifunza nilijenga vali ya wazi Masese kwenye nyumba ya rafiki wa shemeji yangu, bati tambarare tu lililokunjwa katikati, nikaona kazi safi. Ikaja mvua ya mwezi wa kumi, upande mmoja wa paa lile ulikuwa mrefu mara mbili ya mwenzake, maji yakashuka yakapiga kona yakaruka ng'ambo moja kwa moja chini ya shingeli za upande mfupi. Nilirudi kule mara mbili nikidhani ni msumari. Mara ya tatu nikapanda mvua ikinyesha, kitu ambacho simshauri mtu yeyote afanye, nikaona kwa macho yangu maji yanavuka kama mtoto anaruka mtaro. Mgongo wa katikati kazi yake ni hiyo tu, maji ya huku yagonge hapo yageuke yashuke, yasiende kumtembelea jirani. Nilibadilisha bati kwa pesa yangu na shemeji mpaka leo akinikuta harusini lazima asimulie kisa hicho.

Jambo jingine, mdomo wa vali unatakiwa kupanuka unaposhuka. Juu kwenye riji, pale kileleni mwa paa, acha bati lionekane sentimita 15, saba na nusu kila upande, halafu kila mita unayoshuka ongeza kama sentimita moja, vali ya mita sita chini iwe 21. Wengine wanakata sawa sawa toka juu mpaka chini kwa sababu uzi wa chaki ukiwa sambamba macho yanafurahi. Maji yanaongezeka kadiri yanavyoshuka, sasa kwa nini njia isiongezeke? Na kama kuna takataka ikianza kuteleza isikwame katikati.

Vipande vya bati visiwe virefu sana, mita mbili na nusu mpaka tatu basi, cha juu kilalie cha chini sentimita 30, maana jua letu linalipasha bati mchana, linatanuka, usiku linarudi, na ukiwa umelipigilia misumari katikati litajitafutia nafasi lenyewe kwa kupinda au kupanua tundu. Msumari ukae ukingoni kabisa, au bora zaidi ukingo ukunjwe kidogo kwa ndani na ushikwe kwa vibanio, huo mkunjo pia unazuia maji yakitaka kupanda pembeni. Na tafadhali, msiweke sementi kwenye vali. Najua mazoea yametoka wapi, kwenye mategula watu wanajaza sementi pembeni kupendezesha, lakini sementi mbichi na alumini haviivani, inalila bati polepole, na hata kwenye bati la chuma ile sementi inapasuka inashika unyevu kama sponji. Shaba nayo usithubutu. Ni kweli shaba inadumu kuliko zote, Ulaya kuna mapaa ya shaba ya miaka na miaka, ila hapa kwetu wanunuzi wa vyuma chakavu watakuwa wamejua una shaba juu kabla hujahamia, na pia maji yakitoka kwenye shaba yakapita juu ya bati la zinki yanalila.

Mtu anaweza kuniuliza, mbona huko Marekani wanakotoka hizi shingeli wanajenga za kufunga kila mahali na nyumba zao hazivuji? Swali zuri. Shingeli za lami kweli ni za kwao, wanamtaja mkandarasi mmoja wa Grand Rapids, Michigan, Henry Reynolds, kwamba mwaka 1903 alianza kukata roli la lami vipande vipande akapata shingeli. Kanuni zao za ujenzi wa nyumba zinakubali zote mbili, ya wazi yenye bati na ya kufunga yenye felti, hawasemi moja ni dhambi. Lakini adui wao si wetu. Kwao sehemu za baridi barafu inajazana ukingoni mwa paa, theluji ya juu inayeyuka, maji yanakosa pa kushukia yanarudi nyuma yanapanda chini ya shingeli, ndo maana wanalaza chini ile tabaka nene inayonata na kujifunga kwenye kila msumari. Kwetu hakuna theluji labda ukajenge Rwenzori. Kwetu kuna mwembe, kuna fenesi, kuna kaloli, kuna tumbili, waulize watu wa Entebbe, kuna vumbi la murram linaloingia kwenye vali kiangazi chote halafu mvua ya kwanza ya mwezi wa tatu inalifanya tope. Na kuna kijana wa dishi na kijana wa sola, hao hawakanyagi pengine popote ila kwenye vali kwa sababu hapo mguu unakaa vizuri. Kwenye bati atabonyeza utaona alama yake, kwenye ya kufunga atachana shingeli na kushuka akikwambia "bosi signo iko fulu".

Na huko kwao kuna mkaguzi anapanda kuangalia kazi. Mimi katika kazi zangu zote aliyepanda ngazi kuangalia vali yangu ni mwenye nyumba mmoja tu, alikuwa mwanajeshi, akapanda na buti akanivunjia shingeli mbili.

Shida ya vali ya wazi, na hii nimeisikia mara nyingi kuliko zote, ni uzuri. Kuna kijana mmoja anajenga Njeru, ng'ambo ya daraja, pesa anayo, alinitumia picha kumi na moja za nyumba za ng'ambo usiku mmoja. Nikamweleza vali ya wazi akasema, "fundi, hiyo si itaonekana kama mfereji wa bafu?" Nikamwambia bosi wangu, ni mfereji, ndo kazi yake. Akacheka lakini hakukubali. Nikamchukua mpaka hadiwea nikamwonyesha mabati ya rangi, kuna ya kahawia, kuna mkaa, kuna nyekundu ya udongo, unachagua linalofanana na shingeli zako na mtu akiwa getini haoni tofauti, anaona mstari mwembamba tu wa kivuli. Hapo moyo ukalainika. Mama wa Mpumudde naye hivo hivo, alikataa mwanzoni ati nyumba yake "itaonekana imeshonwa kiraka", tukamwekea bati la kahawia, plaiwudi mpya, felti nzima, na mwezi wa tano kulipokuwa na ile mvua kubwa ya jioni alinipigia simu hasemi kitu, ameiweka tu pale juu ya kabati nisikie mvua inavyopiga na kwamba hakuna tone. Nikasikiliza kama dakika mbili hivi mpaka yuniti zake zikaisha.

Gharama, ni kweli bati linaongeza kitu, kuna bati lenyewe na kuna kulikunja kwa mashine maana ule mgongo ukiukunja kwa nyundo na ubao unatoka umepinda pinda. Ya kufunga inatumia shingeli zaidi kidogo kwa sababu ya zile zinazovuka, lakini haina bati. Mwenye nyumba ukimpigia hesabu ya siku hiyo ataona ya kufunga ni nafuu. Ukimpigia na hesabu ya silingi, rangi, plaiwudi na mafundi watatu wa silikoni, sijui kama atasema hivo tena. Na kuna jambo la matangi, wengi wetu tunakinga maji ya mvua, kwenye vali ya kufunga maji yote yale yanapita juu ya changarawe za shingeli mwaka mzima, yanazing'oa, hapo ndipo shingeli zinapoanza kuwa na upara kabla ya kwingine, na zile changarawe utazikuta kwenye gata na chini ya tangi.

Wazee waliotangulia kwenye mategula walikuwa hawabishani haya. Udongo wa Kajjansi unachomwa mategula toka mwaka 1950 na nyumba nyingi za zamani hapa mjini ziko nayo, panda uangalie, kila vali ina bati na bati linaonekana. Hawakuwa na simu za picha lakini maji waliyajua.

Ninachoomba kwenu Mhariri ni kidogo. Ule ukurasa wa nyumba mnaoweka kila wiki, siku moja mwambieni mpiga picha apande ghorofa ya jirani, apige paa kutoka juu, watu waone vali, maana picha zenu zote ni za getini na maua. Na kwa anayejenga sasa hivi, siku fundi anafika kwenye vali usiende kazini bana, omba ruhusa ya nusu siku. Kabla hajafunika mwambie akuonyeshe felti kama imepita nzima, akuonyeshe msumari wa karibu na katikati uko wapi, chukua rula ya mtoto upime, piga picha kwa simu yako hiyo hiyo iliyokuletea hizo picha za ng'ambo, uziweke. Fundi mzuri hatakasirika. Akikasirika na wewe pia kasirika.

Nilikuwa na mengine kuhusu flashingi za chimni na ukuta lakini kwa upande wa ziwa naona kumekuwa kweusi, na kuna vali Mafubira jana tumeiacha na turubali tu juu, bati tutalilaza leo mchana, na turubali lenyewe nimelishikilia kwa matofali mawili.

Ni mimi,
Fundi wa mapaa,
Bugembe, Jinja